Nairobi mpaka Loiyangalani na mbwa wawili ndani ya Hiace ya kulala, hatua kwa hatua

Kama uko na mbwa na gari ya kulala na unataka kuona Ziwa Turkana, jua hii kwanza: ratiba ya safari anapanga mbwa, si wewe. Mimi na mke wangu tumeenda Loiyangalani, mji mdogo kando ya hilo ziwa, mara nne na Hiace yetu ya dizeli 4WD ambayo tuliitoa viti tukaweka kitanda, pamoja na Jimmy (amechanganya na jamani shepadi, kilo 32) na Bahati, mbwa wa kienyeji wa kilo 18. Mara ya pili nusura tumpoteze Bahati njiani, nitaeleza hapo chini, na karibu kila kitu kwa huu mwongozo kimetoka kwa hiyo siku.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, halafu uende kwa veti

Enda Januari na Februari ama Julai mpaka Septemba. Mvua za Machi mpaka Mei na zile za Oktoba mpaka Disemba zinajaza laga (mito mikavu ya mchanga) maji kwa dakika chache hata kama mahali uko hakujanyesha, na ukiwa na mpango wa kupitia jangwa la Chalbi hapo ndo usijaribu kabisa, manake ile chumvi ngumu inageuka tope na gari nzito ya kulala inazama mpaka chasisi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka na ubebe kadi. Dawa ya kupe na viroboto uweke wiki moja kabla. Dawa ya minyoo nayo hakikisha iko na praziquantel, hiyo ndo inaua tegu. Kaskazini kwetu kuna ugonjwa wa mbwa na mifugo unaoleta uvimbe wa maji kwa ini na mapafu ya binadamu, Turkana imejulikana kwa huo ugonjwa miaka mingi, na mbwa anaupata akila matumbo mabichi pale watu wanachinja. Kwa hivyo usikubali mbwa wako aokote kitu chochote karibu na machinjio, hata kama mwenye nyama anamtupia kwa roho safi.

Hatua ya 2: Tengeneza sehemu ya mbwa kwanza, yako baadaye

Hiace inapoa mbele, nyuma inabaki tanuri. Sisi tulikuwa tunaskia baridi ya esi usoni tukidhani mbwa pia wako sawa. Nunua kipima joto cha bei rahisi ukifunge chini kabisa pale mbwa analala, uwe unakisoma ukiwa kiti cha dereva. Yetu tumepaka paa rangi nyeupe, tukaweka feni ya volti 12 kwa paa na nyingine ndogo inapuliza sakafuni, na vioo vya nyuma vina pazia la ile foili ya kung'aa. Solar ya wati 200 inatosha feni, friji ndogo na simu.

Mbwa asafiri amefungwa mkanda wa kifua ama awe ndani ya kizimba kilichofungwa kwa bolti. Kwa mawe ya huko ukikanyaga breki ya ghafla mbwa wa kilo 32 anakuja mbele kama gunia la simiti.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji

Mbwa akiwa kwa baridi anakunywa kama mililita 60 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa joto weka mara mbili. Wangu wawili ni kilo 50, hiyo ni lita 3 siku ya kawaida na lita 6 huko chini kwenye joto. Sisi watu wawili tunatumia lita 16 kunywa, kupika na kunawa kidogo. Jumla 22 kwa siku, mara siku tano ni 110, na tunabeba 140, yaani jerikeni saba za lita 20, hizo za ziada ni za redieta na za kumwagia mbwa. Zipange chini katikati ya gari, usiweke juu ya paa, kilo 140 huko juu zinaangusha gari kwa kona.

Maji ya ziwa usiyaweke kwa hesabu. Yana magadi, na mbwa akiyanywa mengi anaharisha, na kuharisha kwa hilo joto ni kukauka mwili.

Hatua ya 4: Endesha saa za mbwa

Siku ya kwanza lala Nanyuki ama Timau kwa baridi. Usishuke Isiolo mchana, unatoka zaidi ya mita 2,000 unaingia kama mita 1,100 kwa muda mfupi sana na mwili wa mbwa haujajipanga. Toka saa kumi na moja alfajiri, jaza tanki mpaka juu Isiolo, halafu lami nzuri ya kwenda Moyale inakupeleka Archers Post, Merille na Laisamis, kama kilomita 170 hivi, saa tatu na nusu asubuhi umefika. Saa nne gari inazimwa. Mnakaa kivulini mpaka saa kumi, mnaweza kusonga kidogo tena, na saa kumi na mbili jioni mmeshasimama pa kulala. Usiku hatuendeshi, ngamia wanalala kwa lami na huwaoni mpaka umewafikia.

Sasa ile siku ya Bahati. Tulipata pancha Isiolo, fundi akachelewa, tukaondoka saa sita mchana badala ya kulala hapo hapo. Baada ya Archers Post mke wangu akageuka akaona Bahati anahema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana, mate mazito, halafu akatapika na akishikwa asimame miguu ya nyuma inalegea. Tulimtoa chini ya mgunga tukammwagia jerikeni mbili nzima, mwili wote, tumboni na kwa makwapa, tukipepea na kadibodi bila kupumzika. Tulimpa maji ya kulamba kidogo kidogo, hakulazimishwa. Tulikuwa na kipima joto cha kumwekea mbwa chini ya mkia, kilisoma 41.3, na kilipofika 39.5 tukaacha kumwaga ndo asishuke sana, tukarudi Isiolo madirisha wazi kwa daktari wa mifugo. Hiyo ya kurudi kwa daktari ni lazima hata akiamka akatingisha mkia, figo zinaweza kufeli siku mbili baadaye. Bahati alipona. Na usimpe Panadol wala Brufen, hizo zinaua mbwa.

Na kumwacha ndani ya gari imezimwa juani ukinunua mkate, hapana. Hata nje ikiwa digrii 24 tu, ndani inafika kama 34 kwa dakika kumi.

Hatua ya 5: Laisamis mpaka ziwani

Hapa lami inaisha kwako, unaingia kushoto kwa ile barabara iliyopanuliwa kupeleka mashine za umeme wa upepo. Ni murram na mawe, zaidi ya kilomita 200. Punguza upepo wa tairi kama robo, beba spea mbili na kompresa. Kabla ya kuingia uliza polisi na madereva wa lori hali ya usalama ya wiki hiyo, wakisema ngoja, ngoja.

Usijaribu kumaliza kwa siku moja. Lala South Horr, kuna miti mikubwa na maji yanateremka kutoka Mlima Nyiro, mbwa wangu hapo hulala kama wako nyumbani. Kesho yake alfajiri unapita zile mashine 365 za upepo halafu ziwa linatokea chini, kijani, na mimi kila mara nasimamisha gari hapo.

Kila mkisimama weka mgongo wa kiganja chako juu ya mawe, ukishindwa kuhesabu mpaka saba, mbwa hakanyagi. Beba kibano cha miiba, utakitumia kila siku.

Hatua ya 6: Watu, mifugo na visima

Kamba shingoni wakati wote. Mbwa akikimbiza mbuzi ya Msamburu ama Mrendile amegusa akaunti ya benki ya mtu, na akibweka karibu na ngamia waliobeba mizigo, mizigo yote iko chini. Visima vina wenyewe, usimlete mbwa karibu na birika la mifugo, omba maji na chombo chako na umnyweshee mbali. Isiolo kuna Waislamu wengi na mate ya mbwa kwao ni najisi, kwa hivyo hotelini mmoja wetu anakula na mwingine anabaki nje na mbwa, tunabadilishana. Samburu, Buffalo Springs na mbuga ya Marsabit mbwa hawaingii, panga kuzipita.

Hatua ya 7: Kulala Loiyangalani

Egesha pua ya gari ikiangalia upepo, ule wa usiku unang'oa turubai na unabeba bakuli za mbwa. Ukingoni mwa maji hawaendi, mamba ni wengi sana na mbwa ni windo la kawaida kwao. Usiku wanalala ndani na sisi kwa sababu ya fisi, asubuhi tunakung'uta matandiko yao ng'e zitoke, tunaosha macho yao na maji ya chumvi ya dukani kutoa mchanga. Mafuta usitegemee kupata hapo, toka Isiolo na jerikeni zako za dizeli zikitosha kurudi mpaka kwa lami.

Mkifika nyumbani kagua kupe kati ya vidole na ndani ya masikio, rudia dawa ya tegu, na mbwa akikosa kula ama fizi zikiwa nyeupe ndani ya wiki tatu mwambie veti apime damu, umtajie mlikuwa wapi.