Jinsi ya Kutoa na Kupokea Chupa za Kale

Anayeanza kukusanya chupa za kale hutarajia kukutana na bei, na badala yake mara nyingi hukutana na zawadi. Mtu ambaye hata jina lako halijui vizuri anaweza kukupa chupa aliyoitunza miaka mingi, kwa sababu tu ameona namna ulivyoishika. Haya hutokea Kampala na Jinja kama yanavyotokea Uingereza na Marekani, na yana sababu zake. Chupa nyingi zilitupwa na wenyewe kisha zikaokotwa, kwa hiyo aliyeipata bure haoni taabu kuitoa bure. Tena uzito wa chupa hubadilika kufuatana na anayeishika: yenye jina la muuza soda wa Mombasa ni pambo tu kwa mtu wa Mbarara, ilhali kwa wajukuu wa muuza soda huyo ni kumbukumbu ya babu yao. Ukarimu wa namna hii una adabu yake, na usipofuatwa vizuri zawadi hupotea njiani, ama kwa kuvunjika, ama kwa kusahauliwa imetoka wapi.

Kabla ya kutoa chupa, ijue. Itazame kwanza mishono iliyoachwa na kalibu. Ikiwa mshono unapanda ubavuni na kukatika chini ya mdomo, mdomo huo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipita mpaka juu ya mdomo, basi chupa ilitoka kwenye mashine za aina ambayo Michael Owens aliifanikisha huko Marekani mwaka 1903 na ambayo ilienea polepole katika miaka iliyofuata. Geuza kitako uone kama kuna kovu la ufito wa mfua kioo, yaani fimbo ya chuma iliyoshika kitako wakati mdomo ukimaliziwa, kwa maana kovu hilo kwa kawaida ni dalili ya umri mkubwa zaidi. Mdomo uliotengenezwa kwa ajili ya kifuniko cha bati chenye meno hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1892, ambao William Painter alipata hataza yake. Kwa upande wetu kuna tarehe nyingine za kusaidia: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo makasha mazito ya chupa yaliweza kuvushwa kwa meli hadi Uganda, ambapo awali mizigo ya pwani ilitegemea vichwa vya wapagazi. Kiwanda cha bia cha Port Bell kilianzishwa mwaka 1946, na cha Jinja mwaka 1951, kwa hiyo chupa zenye alama za viwanda hivyo ni za jana tu, ingawa nazo zina wapenzi wake na hufaa sana kumpa kijana anayeanza.

Chupa ya gololi inastahili maneno yake. Aliyeibuni ni Mwingereza Hiram Codd, katika miaka ya mwanzo ya 1870. Chupa ilijazwa soda ikiwa imepinduliwa, gesi ikaisukuma gololi ya kioo hadi kwenye pete ya mpira iliyo ndani ya mdomo, na kinywaji kikajifunga chenyewe bila kizibo. Ukitaka kunywa, unaisukuma gololi ishuke. Na ukiinamisha chupa upande wenye vidimbwi viwili shingoni, gololi hunasa hapo na kuacha njia wazi. Watoto walizivunja kwa wingi ili wapate gololi za kuchezea, na ndiyo maana iliyo nzima huthaminiwa. Lakini tahadhari: soda ya gololi ingali inauzwa India na Japani, kwa hiyo si kila chupa ya gololi ni ya kale. Usimwambie mtu kwamba unampa tunu ya miaka mia moja kabla hujachunguza mishono na mapovu ya kioo, kwa sababu zawadi yenye maelezo ya uongo humwaibisha mpokeaji siku atakapoionyesha kwa wajuzi.

Kuosha ni jambo fupi. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni, iache ilowe usiku kucha, kisha tia punje za mchele na maji kidogo utikise taratibu. Maji ya moto juu ya kioo baridi huipasua, na mchanga huikwaruza. Ukungu mweupe usiotoka kwa kuosha si uchafu, bali ni kioo chenyewe kilicholiwa na unyevu wa udongo. Wako wanaoupaka mafuta ili ufifie kwa siku chache, na jambo hilo halifai kabisa kwa kitu unachokitoa kwa mapenzi. Lebo ya karatasi usiiguse kwa maji. Na chupa ya bluu iliyokoza au ya kijani, yenye mistari inayoparuza vidole, ishike kwa uangalifu, maana nyingi za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya sumu ili mtu aitambue hata gizani. Ikiwa bado ina kitu ndani, usiifungue, na usimpe mtoto.

Sasa andika karatasi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu chupa isiyo na habari zake imetolewa nusu. Karatasi ndogo yatosha: ilipatikana wapi, kwa kina gani, mwaka gani, pamoja na vitu gani, nani aliiokota, na imepitia mikono ya nani hadi kufika kwako. Andika kwa penseli, kwani wino hufifia na kutapakaa ukipata unyevu, kisha ikunje uifunge shingoni kwa uzi badala ya kuigundisha. Kila anayeipokea aongeze mstari wake chini.

Katika kuchagua wa kumpa, usianze na rafiki yako wa karibu. Anza na chupa yenyewe. Ina jina la mji? Mtafute mtu wa mji huo. Ni pacha wa chupa ambayo mwenzako amekuwa akiionyesha ikiwa peke yake rafuni? Basi nyumba yake imekwisha kupatikana. Mtoto anayeuliza maswali mengi apewe chupa nzima na nzuri, si ile yenye ufa ambayo ulikuwa unatafuta pa kuitupa. Wakusanyaji wazee ninaowaheshimu huweka kando chupa chache kwa ajili ya wageni wa namna hiyo, na hutoa bila kutangaza.

Kupokea ni kugumu zaidi, hasa pale anayekupa hajui alichonacho. Fundi mmoja aliyekuwa akichimba msingi nyuma ya duka la zamani mjini Jinja alimletea jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, chupa ya gololi iliyo nzima, tope likiwa bado shingoni, akisema kwamba itamfaa kuwekea maua. Mzee hakuipokea papo hapo. Alimkalisha barazani, akaagiza chai, akaisuuza chupa mbele yake na kumwonyesha gololi inavyonasa kwenye vidimbwi, kisha akamweleza wazi kwamba wako watu ambao wangeinunua, akamtajia na kiasi. Fundi alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Basi Mzee, kaa nayo. Ungetaka kunidhulumu usingeniambia." Mzee aliandika jina la fundi kwenye karatasi ya chupa mbele ya macho yake. Fuata utaratibu huo: eleza thamani kwanza, mwache mwenye kitu aamue, na ukubali kwa moyo mmoja akibadili nia na kuiuza kwingine. Anayenyamaza na kuichukua amejipatia chupa, lakini hawezi kusema kwamba alipewa.

Ukishapokea, usikimbilie kulipa. Sisi tuliolelewa katika mitaa ambamo sahani ya futari ya jirani hairudishwi tupu tunajua kwamba kinachorudi si lazima kilingane na kilichokuja, wala hakirudi kwa haraka inayofanana na kulipa deni. Picha nzuri ya chupa ikiwa imewekwa mahali pake, habari uliyoichimbua kuhusu mtengenezaji wake, au chupa nyingine miezi mingi baadaye, vyote hutosha. Kuiuza uliyopewa bila kumuuliza aliyekupa ni kosa ambalo wakusanyaji hawalisahau. Shida ikikubana, mrudie yeye kwanza, kwani huenda akaichukua tena au akakuruhusu uiuze.

Kama chupa inasafiri, tuseme kwa basi kutoka Kampala kwenda Arua, izungushie magazeti mpaka isihisike mifupa yake, uitie katika kasha dogo, na kasha hilo ulitie katika kubwa lenye karatasi zilizofinyangwa pande zote. Kwa chupa ya gololi, shindilia karatasi laini shingoni kupitia mdomoni ili gololi isigonge kioo kwa kila shimo la barabara. Andika KIOO kwa herufi kubwa pande zote, umwonyeshe karani wa mizigo kwa macho yake, na umpigie simu mpokeaji kabla basi halijaondoka. Gharama ya kutuma hubebwa na mtoaji, isipokuwa mpokeaji akisisitiza.

Ukarimu hauhalalishi kitu kilichochukuliwa bila ruhusa. Kabla ya kuchimba katika ardhi ya mailo, yaani ardhi ya Uganda yenye hati ya umiliki binafsi, muombe mwenye hati na pia mwenye kibanja, yule anayekaa na kulima juu yake, na umjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha kubalianeni mapema kuhusu kitakachopatikana. Makaburi na maeneo ya kale yanayolindwa usiyaguse. Uganda imekuwa na sheria ya kuyalinda tangu mwaka 1967. Kitu kinachoonekana kuwa na umuhimu kwa taifa kipelekwe kwanza kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala, taasisi iliyoanza mwaka 1908.

Mwisho, panga habari ya chupa zako ungali hai. Warithi wasiojua hukabidhi rafu nzima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa siku moja. Kwa Waislamu, wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya mali, na hautekelezwi mpaka madeni yalipwe, kwa hiyo chupa uliyomkusudia mkusanyaji mwenzako ni salama zaidi ukimkabidhi sasa kwa mkono wako, mbele ya mmoja wa watoto wako, ili asije akaulizwa baadaye aliipataje. Zile unazotaka zibaki nyumbani, orodhesha kila moja na karatasi yake, na nakala ya orodha umpe mtu wa familia anayependa kuzitazama.