Jinsi ya Kujipangia Likizo kwa Kipimo Chako Tabora na Kigoma

Nchi yetu, Tanzania, ina mlima wenye theluji, visiwa vya karafuu, mbuga za nyasi, misitu ya miombo na maziwa makuu, na hakuna likizo moja inayoweza kuvizungukia vyote bila kumchosha msafiri na kuumaliza mfuko wake. Kwa sababu hiyo, kila anayeniomba ushauri humwambia achague upande mmoja wa nchi na aukae vizuri. Upande wa kaskazini na Zanzibar kuna vifurushi vya safari vilivyokwisha kuandaliwa, na kazi ya mgeni ni kulipa na kupanda gari. Tabora na Kigoma vifurushi vya aina hiyo ni vichache, hivyo anayetaka kuja huku hujipangia mwenyewe. Naona hiyo ni heri kubwa, mradi msafiri akubali kanuni moja: huku magharibi ratiba haipangwi na vivutio, hupangwa na usafiri. Anza na chombo ambacho hakitakusubiri, yaani treni, ndege au boti ya ziwani, kisha mambo mengine uyazungushie hapo.

Kabla ya kugusa ratiba yoyote, jipime kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa. Una siku ngapi kamili, ukiacha zile za kwenda na kurudi? Mnakwenda wangapi, na miongoni mwenu kuna mtoto mdogo au mzee ambaye magoti yanamsumbua? Swali hili si la adabu tu. Ziwa Tanganyika liko katika mwinuko wa takribani meta 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya ziwa hilo, vinapita meta 1,500, na njia ya kuwafuata sokwe hupanda moja kwa moja kutoka ufukweni bila kona za kupumzikia. Aidha, watoto hawaruhusiwi kwenda kuwatazama sokwe mpaka wafikie umri uliowekwa na hifadhi, kwa hiyo ulizia umri huo kabla ya kumwahidi mwanao chochote. Familia yenye watoto wadogo inaweza kufurahia sana Ujiji, fukwe za Kigoma upande wa Katonga na Tabora yote, na mzazi mmoja akaenda Gombe huku mwenzake akibaki na watoto mjini.

Kuhusu msimu, mvua zetu huanza Novemba na kuishia Aprili, na kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Watu wengi watakuambia uje kiangazi bila kufikiri zaidi, lakini jibu linategemea unataka kuona nini. Kwa picha nzuri na njia kavu, Julai hadi Oktoba ni bora, na huko Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, miezi ya mwisho wa kiangazi ndiyo ambayo sokwe hushuka zaidi kwenye miteremko ya chini. Gombe, kwa upande wake, katika miezi ya mvua sokwe hawatembei mbali sana, hivyo anayevumilia utelezi anaweza kuwapata bila kupanda hadi juu. Tabora ya masika ina uyoga wa porini unaopangwa kwa mafungu kando ya barabara, wa aina ambazo mtu wa pwani hajawahi kuziona sokoni kwake, na embe zake huiva mvua zinapoanza. Kinyume chake, reli ya kati huathiriwa na mafuriko katika maeneo ya Kilosa na Gulwe, kwa hiyo anayekuja masika kwa treni aongeze siku za akiba.

Liko pia suala la dagaa, ambalo wageni wengi hulisahau. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazina kazi, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Ukitaka kuona ziwa likiwaka taa kama mji, na asubuhi yake ukaone dagaa wakianikwa kwenye mialo, yaani fukwe zinapotia nanga boti, panga usiku wako wa Kigoma uangukie siku za giza. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Basi anayekuja kipindi hicho aulize kwanza kama mwaka wake una mapumziko ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye nguzo ya safari. Kwa walio wengi nguzo hiyo ni sokwe, na hapo kuna uamuzi mmoja mzito: Gombe au Mahale. Gombe ni hifadhi ndogo, zaidi kidogo ya kilometa za mraba 50, na iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, umbali wa takribani kilometa 16. Hapo ndipo mtafiti Jane Goodall alipofika Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kutoka kwenye kichuguu, jambo lililowalazimu wataalamu kuacha kudai kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na utafiti wake unaendelea mpaka leo. Mahale ni kubwa mara nyingi zaidi, takribani kilometa za mraba 1,600. Ilianzishwa rasmi mwaka 1985, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kuanza kazi huko tangu miaka ya 1960. Mlima Nkungwe unafika meta 2,462, na ndani ya hifadhi hakuna kuzunguka kwa gari; ni mguu na boti tu.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye siku chache aende Gombe, na asijutie. Mahale inahitaji angalau usiku tatu ndani ya hifadhi, pamoja na siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi kwa boti ya kawaida, kwa kuwa iko zaidi ya kilometa 100 kusini mwa Kigoma. Anayejaribu kuibana Mahale katika siku tatu hutumia likizo yake akitazama maji. Mwenye nafasi na uwezo, hata hivyo, atakuta huko milima inayozama ndani ya ziwa na msitu mzito kuliko wa Gombe, na mimi mwenyewe nikipewa uhuru wa kuchagua, huchagua Mahale.

Kwa Gombe, boti za abiria huondoka mwalo wa Kibirizi, nje kidogo ya mji, mara nyingi baada ya adhuhuri, zikiwarudisha watu wa vijijini waliokuja sokoni. Jumapili usizitegemee. Ni boti ndefu za mbao zenye mashine, nazo hupakia magunia, mabati, kuku na abiria kwa pamoja. Nauli yake ni ndogo, na safari huchukua saa kadhaa kwa kuwa boti husimama kila kijiji. Njia ya pili ni kukodi boti, ama kupitia hifadhi ama kwa mwenye boti wa mjini, na bei yake hupungua sana mkichangia watu wanne au watano. Ukienda kupatana mwenyewe, usianze na bei. Msalimie nahodha kwanza, “Shikamoo, mzee,” naye akishaitikia marahaba, mwambie mko wangapi, mtalala usiku mingapi, na kama mafuta ya kurudi yamo ndani ya bei hiyo. Hili la mafuta ya kurudi ndilo linaloleta ugomvi mara nyingi. Kagua pia kwa macho yako kwamba jaketi okozi zipo na zinatosha watu wote. Kiangazi upepo wa kusini hulichafua ziwa, hivyo ukikodi, ondoka alfajiri maji yakiwa bado yametulia.

Ada ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 na hulipwa kwa control namba, kwa simu au benki, si kwa fedha taslimu mkononi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao kwa shilingi, ambacho ni cha chini sana kuliko cha wageni wa nje, lakini lazima wathibitishe uraia, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni. Kamilisha malipo ukiwa mjini, kwa sababu mtandao wa simu hifadhini si wa kutegemea. Ukifika Gombe jioni, ukalala usiku miwili na kutoka asubuhi, utakuwa hujavuka saa 48.

Siku ya kuwafuata sokwe, utakwenda na mwongozaji, mtavaa barakoa, mtakaa mbali kwa meta alizozitaja yeye, na muda wenu mbele yao utakuwa na mwisho. Naomba msomaji asilichukulie hili kama urasimu. Sokwe hupata mafua na nimonia kutoka kwetu, na ugonjwa unaotulaza sisi siku mbili umewahi kuua sokwe wengi katika hifadhi hizi. Ukiamka na kikohozi, mwambie mwongozaji hata kama umekwisha kulipa; huenda ukabaki ufukweni, ukaishia kutembea hadi maporomoko ya Kakombe au kukaa majini, na hiyo si siku iliyopotea. Nyani nao wanazunguka nyumba za wageni wakitafuta chakula, kwa hiyo mlango na dirisha vifungwe hata unapotoka kwa dakika moja.

Njia ya kufika huku nayo ni sehemu ya likizo. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na treni ya zamani ingali inaikata njia hiyo ya takribani kilometa 1,250. Anayeipenda achukue daraja la pili kulala, na asimwahidi mtu saa ya kufika. Tangu mwaka 2024 iko pia treni ya umeme ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, inayookoa muda mwingi. Kuanzia hapo msafiri huendelea kwa basi. Shirika la Ndege la Tanzania huruka hadi Tabora na Kigoma. Ninachopendekeza kwa wengi ni kuja kwa nchi kavu na kurudi kwa ndege, kwa maana unapokuja una hamu ya kutazama, na unaporudi unataka kufika. Kuhusu meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuzamishwa mwaka 1916 kabla ya kuopolewa, imekuwa nje ya huduma kwa muda mrefu ikisubiri na kufanyiwa ukarabati. Usiiweke kwenye ratiba mpaka bandari ya Kigoma ikuthibitishie tarehe.

Wengi huipita Tabora usingizini, nami nasikitika. Ipe usiku miwili. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley Ujiji mwaka uliotangulia. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara ya pembe na watumwa, nao una kumbukumbu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekufa Januari 1893 akipigana na Wajerumani badala ya kutekwa. Tabora ndipo Nyerere aliposoma na baadaye kufundisha, na ndipo mkutano wa TANU wa Januari 1958 ulipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sokoni, tafuta michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha asali. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu, na bei yake iko juu. Onja kabla ya kununua, na muulize muuzaji imetoka Sikonge, Urambo au wapi. Salamu ya asubuhi kwa Kinyamwezi ni “Mwangaluka”, na ukiitoa wewe kwanza, maelezo utakayopewa yatakuwa marefu zaidi.

Ujiji inatosha kwa nusu siku: makumbusho, miembe inayosemekana kuwa vizazi vya ule ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871, kisha mtelemko hadi ufukweni. Ni mji wa Waislamu na wenye heshima zake, basi vaa ipasavyo na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Jioni rudi Mwanga, sehemu ya mji wa Kigoma, kutafuta vitenge, na ule mgebuka, samaki wa ziwani, wa kuchoma kwa ugali wa muhogo. Kabla ya kuogelea popote, waulize wenyeji kuhusu mamba na kichocho. Mwenye siku za ziada anaweza kuongeza hifadhi ya Katavi kwa kupitia Mpanda, hasa Septemba na Oktoba viboko wanapobanana katika mabaki ya maji ya mto Katuma.

Ukiunganisha haya kwa siku kumi na moja, utakuwa na siku ya Dodoma, siku ya barabara hadi Tabora, siku mbili za Tabora, siku ya kwenda Kigoma, siku ya Ujiji na malipo ya hifadhi, siku tatu za Gombe pamoja na boti, siku moja tupu, na ya ndege. Siku hiyo tupu usiijaze, na iwe kati ya boti na ndege, kwa kuwa ziwa likichafuka nahodha mwenye akili hataondoka, wala usimlazimishe. Jioni ya kuamkia kwenda Gombe, mpigie nahodha uhakikishe saa, nunua maji na chakula kikavu mjini, mwachie mwenye nyumba ya wageni namba ya nahodha huyo, na umwambie siku unayotarajia kurudi.