Nyumba ya kupangisha Tanzania kwa aliye ughaibuni: maswali ya mwanzo

Mtanzania wa ughaibuni anayetaka kuwekeza kwenye nyumba ya kupangisha huanza kwa kuulizia bei ya kiwanja Goba au Kigamboni, Dar es Salaam, ilhali swali linalotangulia mengine yote ni la uraia. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 hakimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania Bara, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na Sheria ya Uraia ya 1995 humwondolea uraia mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine. Kama tayari una pasipoti ya Uingereza au Marekani, ulizia ubalozini masharti ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na uwe nayo kwa maandishi kabla hujalipa chochote. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, hivyo usichukulie kwamba linalokubalika Bara linakubalika na huko.

Wengi huuliza kama wanaweza kuandikisha nyumba kwa jina la kaka au dada aliyeko nyumbani. Nawasihi msifanye hivyo. Hati ikibeba jina la kaka, mbele ya sheria nyumba ni ya kaka. Akifariki itaingia kwenye mirathi yake, na mjane na watoto wake wataweza kuidai hata kama ukoo mzima unajua fedha zilitoka kwa nani. Ndugu wengi waliopendana wameacha kusalimiana kwa jambo hili, na wengi wao hawakuwa na nia mbaya tangu mwanzo.

Kabla ya kununua, ajiri wakili wako mwenyewe, asiyemwakilisha muuzaji, afanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua jina lililosajiliwa, muda uliobaki katika hati, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na haina uzito sawa na hati, na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano tu. Hakikisha pia kwamba mwenza wa muuzaji ametia saini ridhaa yake, kwa sababu nyumba ya familia haiuzwi na mmoja pekee.

Swali la faida ndilo hujibiwa kwa haraka kuliko yote, na hapo ndipo ningependa msomaji atulie. Tuseme umetumia TSh 90,000,000 kwa kiwanja na nyumba nne za chumba na sebule, kila moja ikipangishwa kwa TSh 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni TSh 7,200,000, yaani asilimia 8 ya mtaji, na dalali atakutajia hesabu hiyo tu. Sasa toa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji kwa kila nyumba, TSh 600,000. Katika TSh 6,600,000 zinazobaki, msimamizi akichukua asilimia 10 na kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye pango lenyewe, ikiwa asilimia 10, zinaondoka TSh 1,320,000. Ukitenga TSh 800,000 za rangi, mabomba na shimo la choo, mkononi mwako zinabaki TSh 4,480,000, chini kidogo ya asilimia 5. Kiasi hicho ndicho cha kulinganisha na hatifungani za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba. Kuhusu kodi, mwulize mshauri kama unahesabiwa kuwa mkaazi, kwani kukaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, au kuwa na makazi ya kudumu na kufika nchini, hubadili hadhi yako. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, mkataba useme wazi nani anaibeba.

Usimamizi unahitaji mkataba hata kama msimamizi ni mama mdogo. Hati ya uwakilishi unayompa itaje kazi zake moja moja, yaani kupangisha, kusaini mikataba ya pango na kusimamia matengenezo, na iseme wazi kuwa hana mamlaka ya kuuza wala kuweka rehani. Pango, ambalo Dar es Salaam mara nyingi hulipwa kwa miezi sita, liingie benki kwenye akaunti yako moja kwa moja. Mpangaji naye huangalia maji, mita yake mwenyewe ya umeme na umbali hadi kituo cha daladala kabla ya kuangalia marumaru.

Mwisho, msikope ughaibuni kwa ajili ya nyumba hii mkitegemea pango lilipe mkopo. Dola iliyokuwa karibu TSh 2,300 mwaka 2022 ilivuka TSh 2,600 mwaka 2024. Pango la mkataba wa shilingi halikupanda kwa kufuata dola, ilhali rejesho la mkopo lilibaki la dola zilezile kila mwezi.