Kabla ya kununua jiko la moshi ambalo makaa hushuka yenyewe

Kwa anayetaka jiko la kuchomea nyama kwa moshi, lile ambalo makaa hujazwa kwenye mnara wa chuma na kushuka yenyewe kadiri ya chini yanavyoteketea, jambo la kwanza la kukagua ni mfuniko wa mnara huo, na kwangu hili ni muhimu kuliko ukubwa wa jiko. Moto hubaki chini kwa sababu hewa huingia huko tu. Mfuniko usioziba sawasawa hupitisha hewa juu, na moto hupanda hadi mnara mzima ukashika. Bana kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo, kisha kivute: kikitoka bila kukaza, liache.

Mengi ya majiko haya hutegemea feni ndogo inayopuliza hewa kulingana na joto lililopangwa, hivyo umeme ukikatika moto hufifia. Hapa Unguja ni busara kutafuta lenye feni ya volti 12, inayoweza kuendeshwa kwa betri. Lililotengenezwa kwa soko la Marekani huenda likahitaji volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 230.

Hewa ya chumvi hula bati jembamba upesi, basi chagua nene.

Makaa yetu ya polo huja vipande vikubwa pamoja na chenga. Vikubwa hukwama mnarani na chenga huziba wavu. Yachekeche, uvunje makubwa yawe kama yai la kuku, ndipo ujaze.