Somo: Kuchagua taa za mbele zilizo halali kwa Land Rover na Land Cruiser za zamani

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa simu, kwa ujumbe, na hata nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni: mtu ana gari la zamani la barabara mbovu, taa zake zinamulika kama kibatari, naye anataka kujua afunge zipi ili aone njia bila kuvunja sheria. Leo naliandika jibu lote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Gari langu ni Land Rover 110 ya mwaka 1987, ya volti 12, ambayo hufanya kazi Kwale na Kinango na mara kwa mara hupanda hadi Voi.

Hatua ya 1. Pima taa yako. Somo hili linahusu taa za duara za inchi 7, yaani milimita 178.

Hatua ya 2. Safisha kioo na uchungulie sahani ya ndani, ile inayong'aa na kurudisha mwanga mbele. Sahani iliyobabuka au kushika kutu haifufuliki.

Hatua ya 3. Pima umeme kabla ya kununua chochote. Washa injini, washa mwanga wa karibu, ambao sote tunauita dimu, kisha upime kwa multimita volti za betri na volti zinazofika kwenye soketi ya taa ikiwa inawaka. Yangu ilisoma 13.9 kwenye betri na 12.1 kwenye taa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu ya halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti zake: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30, na mimi nilikuwa nikipoteza zaidi ya theluthi moja. Katika magari haya umeme wote wa taa huzunguka kupitia swichi ya usukani na nyaya nyembamba zilizozeeka. Wengi wanaolalamikia taa zao wana tatizo la nyaya.

Hatua ya 4. Soma maandishi ya kioo kabla ya kutoa pesa. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba mpasome polepole.

Nilinunua taa mbili za LED, nzuri sana kwa kutazama, kutoka duka moja la spea hapa mjini. Muuzaji aliniambia kuwa zina kibali cha Marekani, na kweli zilikuwa na herufi DOT kwenye kioo. Usiku wa kwanza nilikuwa natoka Ukunda kwenda Msambweni nikitumia dimu. Bodaboda iliyokuwa ikija mbele yangu ikayumba. Nikamwona mwendeshaji ameinua mkono kufunika uso, na tairi lake la mbele likaacha lami na kuingia mchangani. Nilisimama. Hakuanguka, wala abiria wake hakuumia, lakini aliniambia kwa upole ambao sikuustahili, "Mzee, tafadhali zima fulu." Nilimwonyesha swichi. Fulu, yaani mwanga wa mbali, ilikuwa imezimwa.

Kesho yake jioni nilizimulika taa zile kwenye ukuta wa ghala kule Changamwe, na kosa likaonekana wazi. Dimu iliyotengenezwa vizuri ina ukingo: chini yake mna mwanga, juu yake mna giza. Ukingo huo haulingani pande zote mbili. Upande wa kando ya barabara hupanda, ili dereva aone waendao kwa miguu na alama za njia, na upande wa magari yanayokuja hubaki chini. Sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga unapaswa kupanda kushoto. Taa zangu zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na zilipanda kulia, sawasawa na macho ya yule kijana wa bodaboda. Hakuna skrubu inayorekebisha jambo hilo. Ukiinamisha taa hadi usimdhuru anayekuja, wewe mwenyewe unabaki na mwanga wa hatua chache tu. Nilizivua usiku uleule.

Kwa hiyo tafuteni mambo yafuatayo. La kwanza ni herufi E na namba ndani ya duara, kwa mfano E4 ya Uholanzi au E11 ya Uingereza, ambayo ni alama ya kibali cha kanuni za Umoja wa Mataifa. Namba hiyo hutaja nchi iliyotoa kibali. Haisemi taa ni ya upande gani wa barabara. Karibu nayo patakuwa na herufi kama HCR, ambamo C ni dimu na R ni fulu. La pili, na ndilo lililonishinda, ni mshale. Simama mbele ya taa ukiitazama: taa ya nchi za kushoto ina mshale wa mlalo unaoelekea kulia kwako wewe unayetazama, kwa kuwa kulia kwako ndiko kushoto kwa dereva. Taa isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Yenye mshale wa vichwa viwili inaweza kutumika pande zote, mradi iwe imewekwa upande unaotakiwa.

Jihadharini pia na alama ya E inayofuatana na 10R. Hicho ni kibali cha kwamba kifaa hakivurugi redio na mitambo mingine ya umeme, wala hakisemi lolote kuhusu mwanga. Nimeona taa nyingi za LED zinazouzwa kwa sifa ya alama hiyo peke yake, na mnunuzi huondoka akiamini amepata taa halali.

Hatua ya 5. Chagua kati ya taa ya halojeni ya kioo inayotumia balbu ya H4, na taa kamili ya LED yenye alama nilizozitaja. Zote mbili ni sawa. Lisilo sawa ni kutia balbu ya LED au ya xenoni ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni. Ichukueni H4 mkononi muitazame: nyuzi zake ni mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya sahani. Ukingo wa dimu unaanzia kwenye kikombe hicho. Balbu ya LED inaiga umbo hilo kwa kubahatisha, na inapokosea hata kwa milimita moja, mwanga hutawanyika juu. Ujerumani ilianza kuruhusu balbu chache za LED mwaka 2020, lakini kila moja kwa magari na taa zilizoorodheshwa kwa majina. Haikuruhusu kila balbu kwa kila gari. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Zile za wati 100 hazina kibali cha barabarani, nazo huunguza soketi na sahani.

Hatua ya 6. Funga rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu. Toa umeme moja kwa moja kutoka betri, kupitia fyuzi ya ampea 15 kwa kila mkondo, hadi mguu wa 30 wa rilei. Kutoka mguu wa 87 peleka kwenye taa kwa waya wa milimita mraba 2.5 au zaidi. Waya wa zamani wa swichi sasa unaamsha rilei tu kupitia miguu ya 85 na 86. Fulu mbili za wati 60 huvuta kama ampea 10, na mzigo huo hautapita tena kwenye swichi. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakina ulinzi kikigusa chuma. Baada ya kazi hii, taa zangu zilisoma volti 13.6.

Hatua ya 7. Elekeza dimu. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi, kisha weka alama ukutani kwa urefu uleule wa kitovu cha taa. Kwa gari ambalo kitovu cha taa kiko chini ya sentimita 80, ukingo wa dimu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Gari lililoinuliwa linahitaji zaidi: langu lina kitovu cha sentimita 104, na nimeweka ukingo sentimita 17 chini. Gari likiinuliwa hata kitovu kipite sentimita 120, limevuka kikomo cha kanuni za Umoja wa Mataifa kwa magari ya kawaida, na taa nzuri haitaliokoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Bombolulu: Mzee, maelezo ni marefu. Nitajie tu balbu yenye mwanga mkali kuliko zote na bei yake.

Jibu: Soma hatua ya 3 na ya 5. Hujapima volti zako, kwa hiyo sina balbu ya kukutajia.

Simba wa Jomvu: Mimi nimefunga xenoni ndani ya taa za kawaida huu mwaka wa tatu, na polisi hawajawahi kunisimamisha. Naona unawatisha watu bure.

Jibu: Kutosimamishwa si kibali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari ambalo hali yake ni hatari kwa wengine barabarani, na mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, atakapoitazama taa hiyo hatauliza umeitumia kwa miaka mingapi. Sijaandika ili kumtisha mtu. Nimeandika kwa sababu nilimtoa kijana barabarani kwa taa iliyokuwa na afadhali kuliko yako.

Mama wa Kinango: Shikamoo mzee. Nina Land Cruiser ya mwaka 1989 na nimenunua taa za LED zenye E na mshale sahihi kama ulivyoeleza. Nikiziunganisha kwenye soketi zilezile haziwaki ipasavyo: dimu haipo kabisa, na fulu inamemeteka. Balbu za H4 zikirudishwa zinawaka vizuri. Je, taa ni mbovu?

Jibu: Marahaba, dada. Taa zako huenda ni nzima, na nakupongeza kwa kuzijaribu kwa balbu kabla ya kulaumu duka. Toyota nyingi za wakati huo hukata umeme upande wa hasi: waya wa pamoja kwenye soketi una chanya, na swichi inachofanya ni kuipa dimu au fulu njia ya kwenda hasi. Balbu ya uzi haijali umeme unaingia upande gani, lakini LED inajali, nayo hutarajia waya wa pamoja uwe hasi. Njia safi ni rilei. Upande mmoja wa koili ya rilei, yaani miguu ya 85 na 86, uupe chanya yenye fyuzi. Upande wa pili uuunganishe na waya wa dimu wa soketi ya zamani, ili swichi ikiupa hasi rilei ivute. Mguu wa 30 upate chanya ya betri, wa 87 uende kwenye dimu ya taa mpya, na hasi ya taa irudi betrini. Fanya vivyo hivyo kwa fulu. Kabla ya kukata waya wowote, pima soketi kwa multimita ujue ni upi ulio chanya, maana magari haya yamekwisha kupitia mikono ya mafundi wengi.

Mwanafunzi wa Tudor: Naomba kuuliza, je, mwanga wa manjano hauna faida kwenye vumbi na mvua? Babu yangu anasema magari ya Ufaransa yalikuwa nayo.

Jibu: Babu yako anakumbuka vizuri, Ufaransa ilishurutisha taa za manjano kwa miongo mingi, hadi 1993. Kuna madereva wanaoona kuwa rangi hiyo haiwachoshi macho, lakini kioo cha manjano hupata rangi yake kwa kuzuia sehemu ya mwanga, na hivyo unabaki na mwanga mchache. Kwenye vumbi la Kinango kilichonisaidia zaidi ni ukingo wa dimu ulionyooka, kwa sababu mwanga unaopanda juu ndio unaogonga vumbi na kurudi machoni. Kwa sababu hiyohiyo nakushauri ujiepushe na balbu zenye weupe wa kibuluu.

Fundi wa Kisauni: Niongeze jambo. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na mafundi wengi hufunga waya wa hasi kwenye bodi kwa skrubu ya chuma. Kwa hewa yetu ya chumvi, alumini na chuma vikigusana hutoa unga mweupe, na taa hufifia hata nyaya zikiwa mpya.

Jibu: Ahsante sana, fundi, ni kweli, na nilipaswa kuliandika kwenye hatua ya 6. Langu lilikuwa na unga huo nyuma ya taa ya kushoto, mkavu kama chokaa. Nimepeleka waya wa hasi wa kila taa hadi betrini, na viungo nimevipaka grisi.

Dereva wa Shimba Hills: Mzee, mimi hubeba mitungi 10 ya maji ya lita 20 nyuma. Nikielekeza taa gari likiwa tupu, nikipakia zinapanda. Nifanye nini?

Jibu: Swali zuri, na wachache hulifikiria. Elekeza gari likiwa tupu, chora mstari ukutani. Kisha pakia mitungi yote na utaona ukingo umepanda kiasi gani. Rudisha ukingo chini kwa skrubu ya juu ya kila taa huku ukihesabu mizunguko, na idadi hiyo uiandike kwa rangi ndani ya boneti. Kila utakapopakia, zungusha hivyo, ukishusha, rudisha. Langu, likiwa na lita 200, linahitaji mizunguko miwili na nusu.