Kuni zikauke nje vizuri: acha upepo upite, usizifunike gubigubi

Huku kwetu Njombe Juni ikifika baridi inakata kwelikweli, watu wanahamia jikoni kuota moto, sasa ukute kuni zenyewe mbichi, moshi unajaa mpaka bibi anatoka nje na ile baridi kufuta macho, inaniuma sana hii. Kuni za Juni hii ilitakiwa uzichanje mwaka jana.

Mvua zikikata tu, kama mwezi wa tano hivi, shika shoka, maana una kiangazi mpaka Novemba. Na chanja mti ukiwa bado mbichi, hasa mlingoti (mkaratusi), ukiuacha ukauke ukiwa gogo shoka linadunda tu. Usiache magogo mazima ukasema yatakauka yenyewe, maji yanatokea zaidi kwenye ncha na gome linayazuia, unaweza kukaa mwaka ukapasua ukakuta ndani bado pabichi. Mimi nachanja vipande vya unene wa sentimita 10 hivi, muwati na mlingoti vyote.

Chini tanguliza matofali au miti miwili, kuni zisiguse udongo kabisa, la sivyo mchwa wanakula wao kwanza. Panga mstari mmoja, ncha zitazame upepo unakotokea, usizibane, na uache nafasi ya mtu kupita kati ya kuni na ukuta. Zisipite kifua, watoto wanapenda kupanda.

Kufunika ndo wengi tunakosea. Mwaka juzi nilizungushia turubai mpaka chini nikajua nimezikinga, kufungua baada ya miezi miwili turubai linatoa jasho kwa ndani, kuni zina ukungu mweupe na harufu ya kuchacha, zile za katikati zimeshaanza kuoza. Upepo ndo unakausha jamani, jua linasaidia tu. Weka bati kuukuu juu, liinamishe kidogo maji yateremke nyuma, kandamiza na mawe, pembeni kote acha wazi hata masika.

Kujua zimekauka, chukua ukuni mmoja upime kwenye mzani siku unapanga, uuwekee alama, uwe unaupima kila mwezi, ukiona uzito haushuki tena basi hapo tayari, kwa kawaida miezi sita hivi. Kama huna mzani gonga kuni mbili, kavu zinalia ko! ko!, mbichi mlio unakuwa mzito umefifia. Angalia na ncha, kavu zina nyufa zinazoanzia katikati kwenda nje na gome linabanduka kwa mkono. Ukiweka motoni ncha ikatoa povu na kulia shiii, rudisha.

Anza kutoa zile za zamani, mpya zipange upande mwingine. Na anayetumwa kuni, hasa mtoto, agonge rundo na fimbo kabla ya kuingiza mkono, nge na nyoka wanajificha sana humo.