SOMO: Vibali vya kukusanya data za PhD ya misitu na mazingira Tanzania

Wakuu, hili swali nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, nalimwaga hapa.

Ni kwa Mtanzania anayesoma chuo cha ndani, SUA, UDSM na vingine. Mgeni aanzie COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

1. Proposo (andiko la utafiti) ipite chuoni.
2. Chukua barua ya utafiti ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo.
3. Peleka kwa RAS (Katibu Tawala wa Mkoa), atakuandikia wilayani, wilaya kata, kata kijiji.
4. Sasa hapa tulieni. Barua ya RAS sio ruhusa ya kuingia msituni, msitu una mwenyewe! Hifadhi ya msitu ya serikali kuu ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ya halmashauri muone afisa misitu wa wilaya, ya kijiji ni serikali ya kijiji na kamati yao ya maliasili, na hifadhi za taifa unaanzia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Balaa ni kwamba transekti (mstari wa kupimia) haijui mpaka, pale milima ya Uluguru, Morogoro, unaanza kupima shamba la mtu, unapanda mlima, ghafla uko ndani ya hifadhi ya TFS na kibali chako kinataja kijiji tu. Kwa hiyo kila ploti (kieneo cha kupimia) iwekeni juu ya ramani ya mipaka KABLA ya kuandika maombi, na kila msitu utajwe kwa jina. Ukikutwa na panga na mifuko ya udongo, habari za PhD utamweleza nani.
5. Sampuli haivuki mpaka wa nchi bila vibali vyake, hata udongo.

MASWALI

– Mkuu nirushie sampo ya barua ya RAS.
Hatua ya 2 na 3. Haujasoma.

– Si namalizana na mwenyekiti wa kijiji tu?
Msitu wa TFS sio wake. Rudi namba 4.

– Nataka kupima kaboni kwenye miombo Tabora, ploti ziwe na ukubwa gani?
Swali zuri. Fuata mtindo wa NAFORMA (tathmini ya misitu ya nchi nzima): duara ndani ya duara, nusu kipenyo mita 15 miti yenye unene (kipenyo) wa kuanzia sentimita 20, mita 10 ya kuanzia 10, mita 5 ya kuanzia 5, unene unapimwa mita 1.3 toka chini. Hapo data zako zitalinganishika na za nchi nzima. Udongo usisahau kuuchukua kwa silinda ya ujazo unaojulikana ili upate uzito wake kwa ujazo, asilimia ya kaboni peke yake haikupi tani kwa hekta.

– Nyongeza, bebeni chaki, mti uliopimwa upigwe alama.
Kweli kabisa. Na mtafute mzee wa kijiji anayejua miti kwa gome, maana kiangazi miombo imepukutisha majani na kitabu cha utambuzi kinataka jani.